Fundi Hakukataa Kutoka: Risala ya Wafanyakazi wa Ofisi ya Kituo cha Mahabusu

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha kiti chenye mto huko makao makuu ukaja kukalia cha mbao. Mkuu wa kituo chetu. Maafisa mliofuatana na mgeni. Askari wa zamu. Na nyinyi mahabusu mnaosikiliza nyuma ya ukuta, maana ukuta huo tunaujua, hauzuii sauti:

Sisi wafanyakazi wa ofisi, yaani karani wa masjala, mpiga chapa, mpokea simu, mtunza stoo ya mali za mahabusu, na mhudumu wa chai ambaye ndiye huyu anayesoma, tunakusalimu kwa heshima. Shikamoo mheshimiwa. Kwa umri ungenipa mimi, lakini cheo kimekupandisha, nakuachia.

Utajiuliza kwa nini makarani wapo na risala inasomwa na mpika chai aliyeishia shule ya msingi. Tulikaa kikao. Karani akasema ana watoto wanasoma. Mpiga chapa akasema ana koo. Mtunza stoo akasema akisimama mbele ya watu miguu humkimbia yeye mwenyewe akabaki hapo. Mpokea simu akaenda kupokea simu ambayo haikulia. Basi wote wakanigeukia: "Bibi, wewe unastaafu karibuni. Hata wakikufukuza watakuwa wamechelewa." Nikaona wamenipa heshima kubwa, nikavaa miwani.

KARIBU TENA

Mheshimiwa, tunasema karibu tena kwa sababu hii si mara yako ya kwanza. Ulikuja mwanzoni mwa mvua, ukatazama ofisi, ukasifia maua, ukanywa chai nusu kikombe. Ile nusu iliyobaki niliimwaga kwa masikitiko, maana majani yalikuwa mapya kwa ajili yako. Leo umekuja kutufungulia chumba kipya cha masjala. Rangi bado inanuka, kwa hiyo ukishika ukuta, shika kwa moyo tu.

HISTORIA FUPI YA OFISI

Jengo hili lilikuwa ghala la mbegu kabla halijawa kituo. Panya tuliwakuta humu, na hadi leo wanatuona sisi ndio wageni. Mbele kuna kaunta ya mapokezi, kando yake dirisha la wageni lenye wavu, na nyuma yake masjala, chumba cha simu na stoo. Nje ya lango kuna benchi la ndugu wanaosubiri. Leo asubuhi hukuliona kwa sababu limehamishiwa nyuma ya matangi ya maji, pamoja na ndugu wenyewe.

Kufuli ni kazi ya askari. Kazi yetu sisi ni karatasi: kumwandika mtu anapoingia, kumtunzia vitu vyake, kuwajibu jamaa zake, kumtoa siku yake ya mahakama ikifika, na kumwandika tena anapokwenda kwao. Si kazi ya kutolea jasho. Lakini mtu aliye ndani hana miguu mingine ila sisi, na tukisahau, hafiki popote.

MAFANIKIO

Tunashukuru kwamba tumefanikiwa katika mengi. Tumewahi kupoteza mikasi, mihuri, na mkuu mmoja wa zamani aliyehamishwa bila kuaga, lakini mali ya mahabusu hatujapoteza. Mtunza stoo wetu hufunga vitu vya kila mtu kwenye furushi lake, na ukimfumba macho anakutajia mwenye furushi kwa harufu ya viatu. Kuna mzee aliyerudishiwa meno yake ya bandia yakiwa yamefungwa kwenye leso safi. Akayavaa pale pale kaunta, akatabasamu, akasema, "Sasa naweza kukutukana vizuri kwa zile sigara ulizoninyima." Mtunza stoo alifurahi wiki nzima.

Fanikio letu kubwa ni dirisha la kesho. Mheshimiwa, hili huwezi kulikuta katika mwongozo wowote, tulilibuni wenyewe. Pale masjala kuna dirisha lenye kizingiti kipana. Kila jioni karani huweka pale mafaili ya watu wanaotakiwa mahakamani kesho yake. Asubuhi askari wa karandinga anakuja, haulizi mtu, anachukua yaliyo dirishani, anaita majina, anapakia watu, anaondoka. Kwenye kizingiti kile hakiwekwi kitu kingine. Mimi mwenyewe na birika la moto mkononi, vidole vinaungua, siwezi kulitua pale. Mpiga chapa aliwahi kuweka kitana chake, akanuniwa hadi akanunua sukari ya ofisi.

Tangu tuanze utaratibu huo hapakuwa na mtu aliyekosa siku yake. Hadi ulipokuja wewe.

CHANGAMOTO

Risala zote zina changamoto, na zetu unazijua hata kabla hatujafungua mdomo. Feni haizunguki, inatutazama tu. Kiti cha karani kina miguu mitatu na tofali. Choo cha wafanyakazi hufungwa kwa kuimba: aliye ndani anaimba ili aliye nje asiingie, na mpiga chapa anajua wimbo mmoja tu, nao tumeuchoka. Hayo tumeyazoea. Tunataka tukueleze moja ambalo hatujalizoea.

Mkuu wetu, tafadhali kaa. Najua ukurasa huu hukuuona. Ile risala uliyoipitisha jana ninayo, ipo chini ya hii, na ni nzuri sana.

Mheshimiwa, siku moja kabla ya ziara yako ya kwanza tuliambiwa mgeni asikute karatasi hata moja juu ya kitu. Mkuu akapita na kidole, akigusa meza.

"Hii nini?"

"Stempu, mzee."

"Kabatini. Na hii?"

"Ni mimi, mzee," nikasema. Nilikuwa nimeinama napiga deki.

"Wewe baki." Akafika masjala. "Na hili dirishani?"

Karani akasema, "Mzee, hilo ni la kesho."

"Kesho ndiyo mgeni anakuja! Ndiyo maana liingie kabatini."

Likaingia. Mahali pake tukaweka chombo cha maua, yale uliyoyasifia. Kabati likafungwa, na mkuu akaondoka na ufunguo mfukoni, kwa nia njema tu, asije mtu akavuruga usafi. Karani akajipa moyo kwamba atawahi asubuhi.

Faili lile lilikuwa la Fundi Baiskeli. Ni kijana wa makamo, mpole kwa mikono na mbishi kwa mdomo, aliyeshtakiwa kwamba baiskeli ya muuza maziwa, aliyoachiwa aitengeneze, ilipotea kibandani kwake. Ndani ya kituo hiki ametengeneza kila kitu chenye gurudumu. Kigari changu cha chai kilikuwa kinalia kama mtoto mwenye njaa, sasa kinateleza hadi nakikimbilia.

Fundi ana mama. Ni rika langu, na kwenye benchi la nje ndiye aliyekuwa shoga yangu. Ananiita Mke Mwenza, ati kwa sababu tunamgawana mwanawe, yeye kamzaa na mimi nampa chai. Mama huyu alikuwa amemwendea muuza maziwa asubuhi nyingi, amekaa mlangoni kwake, amembembeleza, hadi yule bwana akalegea. Akasema, "Mama, nimechoka kukuona. Siku ya kesi nitakuja niifute mbele ya hakimu, ila nataka mwanao anitazame usoni aniombe radhi." Mama akakubali. Siku yenyewe ikawa ndiyo siku ya ziara yako.

Asubuhi hiyo askari wa karandinga alikuja, akatazama dirishani, akaona maua. "Leo hakuna mtu," akasema, akaenda na gari kuleta viti vya kukalia wageni. Karani alipofika mbio, kabati lilikuwa limefungwa, mwenye ufunguo yupo barabarani anakusubiri, na karandinga limejaa viti. Akamfuata mkuu hadi barabarani. Mkuu akamwambia, "Baada ya mgeni."

Ukafika. Tukapiga makofi. Ukaingia ofisini kwa mkuu, mimi nikaingia na sinia. Nadhani unakumbuka, mheshimiwa, simu ililia chumba cha pili. Ilikuwa mahakama. Karani wa kule anauliza, "Mtu wenu yuko wapi? Hakimu ameketi." Mpokea simu akaweka kiganja kwenye mkono wa simu, akachungulia mlangoni. Mkuu akamwendea. Nilikuwa nyuma yao na sinia, na masikio ya mpika chai hayana mlango.

"Sema amekataa kutoka," mkuu akanong'ona.

"Mzee, hajaitwa."

"Mgeni yuko ndani! Unataka niseme faili limefungiwa na maua? Sema amekataa."

Akasema. Mheshimiwa, mpokea simu wetu ana sauti tamu, ya kumtuliza hata anayepiga simu kutukana. Uongo ulipita kwenye sauti hiyo ukatoka umenawa uso. Wewe ukauliza, "Kuna tatizo?" Mkuu akakujibu, "Hakuna, mheshimiwa, simu ya kawaida." Ukaongeza sukari.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Aliogopa, nasi tukajificha nyuma ya woga wake maana ni mpana unatutosha sote. Siku ile alituambia tufunike kombe mwanaharamu apite. Tukafunika. Si wewe, mheshimiwa, ni methali.

Kule mahakamani, kama tulivyosimuliwa baadaye, mama alikuwa ameketi na shati safi mapajani, la kumbadilisha mwanawe, na kando yake muuza maziwa. Karani wa mahakama akarudi kutoka kwenye simu, akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Kituo kinasema mshtakiwa amekataa kutoka." Muuza maziwa akamgeukia mama. "Huyu ndiye uliyenibembelezea?" Akanyanyuka, akaenda zake. Msamaha akaondoka nao.

Kesi ikasogezwa. Fundi alipopelekwa mara ya pili, hakimu akamwuliza, "Wewe ndiye uliyekataa kuja?" Akasema, "Sikuitwa." Hakimu akasema kila mtu husema hivyo. Dhamana akanyimwa, ati mkaidi. Sasa yumo ndani, ana sifa ya kukataa kitu alichokuwa akikiomba kila siku.

Na mama haji tena. Nafasi yake kwenye benchi tuliiona tupu, tukadhani anaumwa. Nikamfuata kwake. Nilimkuta uani anaanika nguo, hakuniita Mke Mwenza.

"Dada," nikamwambia, "mwanao hakukataa. Hakuitwa."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Basi rudi ukatumwe. Lile neno lilitoka kwenye simu ya ofisi, likasemwa mbele ya hakimu. Wewe unaniletea maneno ya jikoni."

"Nilikuwepo, nimeshika sinia!"

"Ndiyo hivyo, ulikuwa na sinia." Akabana nguo kwenye kamba. "Isitoshe mimi ndiye niliyemzaa. Alipokuwa mdogo akinuna alikuwa anaingia uvunguni mwa kitanda, hatoki kwa chakula wala kwa fimbo, hadi anione nalia. Nikasema, basi, karudi uvunguni mwake. Safari hii silii."

Mheshimiwa, mimi watu hunijua kwa utani. Siku ile nilitoka pale sina hata mmoja.

Fundi naye yupo dirishani kwetu kila siku ya wageni. Anauliza, "Bibi Chai, mama mzima?" Nasema mzima. "Amenichoka?" Mtunza stoo huanza kutafuta kitu chini ya kaunta ambacho hakikupotea. Juzi Fundi akasema, "Kama amenichoka aseme tu, nisikae nikimsubiria." Sisi ambao kazi yetu ni kujibu ndugu, mwana anatuuliza na mama anataka neno la ofisi, jibu tunalo, na tumelikalia.

Utatuuliza kwa nini tumekaa kimya. Karani anasema angeandika barua ya kusahihisha, lakini barua haitoki bila sahihi ya mkuu. Mkuu anasema akisahihisha ataulizwa faili lilikuwa wapi. Mpiga chapa anasema yeye huchapa anachopewa. Kila mmoja ana sababu, na zote ni za kweli, na Fundi yuko ndani. Mpokea simu ndiye asiye na sababu. Siku hizi simu ikilia anaitazama kwanza, kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

MAOMBI

Mheshimiwa, katika ile risala iliyopitishwa maombi yapo mengi: viti, feni, mlango wa choo, kompyuta na mtu wa kutufundisha kuiwasha. Tumeyafuta yote, hata kiti cha karani. Asije mtu akasema tulikuja na shida za watu ili tupate feni.

Ombi letu tunalitamka hivi. Kesho kesi ya Fundi inatajwa tena. Muuza maziwa ameitwa kutoa ushahidi, kwa hiyo atakuwepo. Faili lipo dirishani tangu karandinga la leo lilipoondoka, na karani amekataa kulala kwake kabla hajaahidiwa kwamba hakuna maua.

Mpokea simu wetu ameamua kwenda mahakamani. Atasimama pale na sauti yake ile ile, aseme: ni mimi niliyesema amekataa kutoka, na hakukataa, hakuna aliyemwita. Asubuhi kabla ya hapo atapita kwa mama. Hayatakuwa maneno ya jikoni tena, itakuwa ofisi yenyewe imesimama uani kwake, na mama akitaka kuipiga kwa kibanio cha nguo, aipige tu. Hatujui kama muuza maziwa atalegea mara ya pili. Mtu aliyedhalilishwa akiwa na msamaha mkononi, huenda akarudi akiwa ameufungia ndani. Hatujui kama hakimu atasikiliza. Hatujui hata kama mama atafungua mlango. Tungesema siku ile ile, tusingekuwa na haja ya kubahatisha hivi.

Na mpokea simu haendi peke yake. Alipotuambia, karani akatazama tofali la kiti chake, akasema naye ataenda, maana ufunguo haukuwa wake lakini faili lilikuwa lake. Mpiga chapa koo limepona. Mtunza stoo amesema miguu ikimkimbia, basi imkimbize kuelekea kule kule. Mimi nitawafuata polepole, nimewaambia wanishikie nafasi ya kukaa. Kesho asubuhi dirisha la wageni litafunguliwa na askari wa zamu, na chai, mkuu wetu, majani yapo kopo la bluu, maji yachemke kwanza.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ruhusa ya kwenda hatuiombi. Tumeshakubaliana tutakwenda.

Tunaomba ruhusa ya kurudi.

Mungu akufikishe kwako salama, akupe watu watakaokuambia mambo kabla hayajaoza, na akupe moyo wa kuwaacha kazini wakishakuambia. Awape subira walio nyuma ya ukuta huu. Na yule mama, Mungu amlegezee mlango.

Ni sisi wako watiifu, kwa leo na kwa kesho jioni ukitaka:

Wafanyakazi wa Ofisi, Kituo cha Mahabusu: karani wa masjala, mpiga chapa, mpokea simu, mtunza stoo.

Imesomwa kwa niaba yao na Bibi Chai, ambaye naye yumo.